Boila Iwe ya Mwisho: Uchambuzi wa Kisa cha Jengo Kongwe la Fleti 45

Kamati ya wamiliki wa jengo hili iliniita kwa swali moja tu: wanunue boila ipi, yaani mashine ya kuchemshia maji yanayopasha jengo joto, badala ya ile iliyochakaa. Walikuwa tayari na makadirio ya bei kutoka kwa muuzaji, walikwisha kukubaliana namna ya kuchangishana, na kwa maoni yao kilichobaki kilikuwa saini ya mtaalamu. Ilinichukua msimu mzima wa baridi kuwashawishi kwamba boila iwe kitu cha mwisho kununuliwa. Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu majengo yaliyo katika hali ileile ni mengi mno katika nchi za baridi, na kosa la kuanza na mashine hurudiwa mara kwa mara. Jengo silitaji, na vipimo nimevikata kuwa namba nzima ili msomaji aweze kuifuata hesabu kwa kalamu yake mwenyewe.

Jengo lina ghorofa tano na ngazi tatu, kila ngazi ikihudumia fleti 15, na kila fleti ina wastani wa mita za mraba 65. Kuta ni za matofali matupu, yaani hazina tabaka lolote la kuhami joto. Boila ya gesi ya kilowati 400 iko katika chumba kilicho chini ya ardhi, upande wa ngazi ya kwanza. Kutoka hapo bomba kuu linapita chini ya jengo zima hadi ngazi ya tatu, likiachia njiani mabomba ya kupandia, na kila bomba la kupandia hulisha radieta za chuma cha kusubu, yaani vyuma vya ukutani ambamo maji ya moto hupita na kukipasha chumba joto, katika vyumba vilivyopangana juu yake. Jikoni na bafuni hakuna feni. Kuna kitundu chenye wavu karibu na dari, na nyuma yake dohani nyembamba ya matofali inayopanda hadi juu ya paa, kwa sababu waliojenga walitegemea hewa ya ndani yenye joto, ambayo ni nyepesi, ipande na kutoka yenyewe.

Miaka michache kabla sijaitwa, madirisha yote ya mbao yaliyokuwa yakipitisha upepo yalibadilishwa, yakawekwa ya vioo viwili yenye fremu za plastiki na mipira ya kuzibia. Kila mtu alitarajia bili ipungue na nyumba zipate joto. Bili ilipungua kidogo sana. Ngazi ya kwanza watu walikuwa wakilala na madirisha wazi katikati ya baridi kwa sababu vyumba vilifika nyuzi 25 za selsiasi, ilhali ngazi ya tatu vyumba havikupita nyuzi 17. Zaidi ya hayo, baridi ya pili baada ya madirisha mapya, kuvu nyeusi ilianza kuota katika pembe za vyumba vya kulala, mahali ambapo haikuwahi kuonekana. Muuzaji wa boila alikuwa na jibu moja kwa mambo haya yote: mashine imezeeka.

Nilianza na maji. Kwa siku mbili nilizunguka chini ya jengo na kipimajoto cha kubana juu ya bomba, nikaandika joto la maji yanayopanda na yanayorudi kwa kila bomba la kupandia. Boilani maji yalitoka yakiwa nyuzi 78 na kurudi yakiwa nyuzi 69. Bomba la kwanza la kupandia, lililo mita chache tu kutoka boilani, lilirudisha maji ya nyuzi 73, yaani maji yalipita mbio na kurudi karibu na joto lake lote. Bomba la mwisho, upande wa pili wa jengo, lilipokea maji ya nyuzi 74 na kuyarudisha yakiwa nyuzi 46. Mtu asiyezoea angedhani bomba hilo la mwisho ndilo linalofanya kazi nzuri, kwa kuwa limetoa joto jingi katika kila lita. Ukweli ni kinyume chake: maji yaliyofika huko yalikuwa machache mno, yakakaa ndani ya radieta hadi yakapoa, na radieta ikawa moto juu na baridi chini.

Wahenga walisema maji hufuata mkondo, na ndani ya mabomba hufuata ule mkondo wenye kizuizi kidogo. Kama hakuna kinachoyazuia karibu na boila, hayana sababu ya kusafiri hadi mwisho wa jengo. Miaka yote wakazi wa ngazi ya tatu walipolalamika, fundi aliyekuwapo alipandisha joto la boila, na hilo liliposhindwa ikanunuliwa pampu kubwa zaidi. Hatua zote mbili ziliwapa ngazi ya kwanza joto wasilolihitaji, wakalitupa dirishani. Katika majira ambayo wastani wa tofauti kati ya ndani na nje ni nyuzi 16 hivi, kila nyuzi moja ya ziada ndani ya nyumba huongeza takribani asilimia 6 ya joto linalohitajika. Fleti iliyofika nyuzi 25 badala ya 21 ilikuwa inakula kama robo zaidi, kabla hata hatujahesabu dirisha lililo wazi.

Hapa ndipo swali la boila lilipojibika. Boila za kisasa za gesi hupata sehemu ya ufanisi wao kwa kuugeuza mvuke uliomo katika moshi kuwa maji na kulirudisha joto lake kwenye maji ya radieta. Mvuke huo huanza kugeuka maji pale tu moshi unapopoa chini ya nyuzi 55 hivi, na kinachoupoza ni maji yanayorudi. Kwa maji yanayorudi na nyuzi 69, mashine mpya ya bei kubwa ingefanya kazi kama boila ya kawaida, na wamiliki wangelipia ufanisi usiotokea. Kwa pampu ya joto, mashine ya umeme inayovuta joto kutoka nje na kulipeleka kwenye maji, hali ingekuwa mbaya zaidi, kwa kuwa kila nyuzi moja unayopunguza katika maji yanayotoka huongeza ufanisi wake kwa takribani asilimia 2 hadi 2.5, na nyuzi 78 ni joto ambalo pampu nyingi za joto hazilifikii kabisa. Kwa mashine yoyote ile, kazi ya kwanza ilikuwa kuyafanya maji yafike kote na yarudi yakiwa yamepoa.

Kabla ya kuyagusa mabomba ilinibidi niielewe ile kuvu, na mahali niliposomea ni fleti moja ya ghorofa ya pili, ngazi ya tatu. Mwenye nyumba, mama mtu mzima, alikuwa ameusugua ukuta kwa dawa mara nyingi hata rangi ikatoka, na aliona aibu, kwani jirani alikwisha kumwambia kwamba kuvu ni dalili ya uchafu. Nilichana kipande cha karatasi ya chooni, nikakishikilia mbele ya wavu wa bafuni. Kama dohani inavuta, karatasi hunaswa kwenye wavu. Ile karatasi ilipeperuka kuelekea usoni kwangu, pamoja na harufu ya chakula kilichokuwa kikipikwa fleti nyingine. Nikamwomba afungue dirisha la jikoni kwa upana wa kidole kimoja. Papo hapo karatasi iligeuka ikajibandika kwenye wavu. Alipofunga dirisha ikaanguka. Tulirudia mara tatu, mara ya mwisho karatasi akiishika yeye mwenyewe, na kuanzia hapo hakuhitaji maelezo yangu.

Hewa haiwezi kutoka mahali isipoingia. Madirisha ya zamani yalikuwa mabovu, lakini ubovu wao ndio uliokuwa ukiingiza hewa ya nyumba nzima bila mtu kuupanga. Mapya yalipozibwa sawasawa, dohani zilibaki bila cha kuvuta, na pale dohani moja ilipovuta kwa nguvu kuliko nyingine, ile dhaifu ikageuka mlango wa kuingizia hewa kutoka juu ya paa. Familia ya watu wanne hutoa lita 8 hadi 10 za maji kwa siku kwa kupumua, kupika, kuoga na kuanika nguo, na katika nyumba ile maji hayo hayakuwa na njia ya kutokea.

Hesabu ya kuvu yafaa ifuatwe kwa makini, kwa sababu wengi huamini kwamba kuvu husubiri ukuta utoke jasho. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 60 hutoa umande kwenye uso wa nyuzi 12. Kuvu haihitaji umande. Unyevu wa asilimia 80 kwenye uso wa ukuta, ukidumu siku kadhaa, unaitosha, na kwa hewa hiyohiyo hali hiyo hufikiwa uso ukiwa na nyuzi 15 na ushei. Pembe ya ukuta wa matofali matupu, nje kukiwa na nyuzi 5 chini ya sifuri, niliipima ikawa na nyuzi 13. Ukuta ulionekana mkavu kwa macho, na kuvu ilikuwa ikistawi. Lakini unyevu wa ndani ukishuka hadi asilimia 40, pembe hiyo ingepaswa kupoa hadi nyuzi 9 hivi ndipo kuvu ianze. Na hewa ya nje ya nyuzi 5 chini ya sifuri, hata siku ya ukungu mzito, ikiingizwa ndani na kupashwa moto hadi nyuzi 20 inabaki na unyevu wa asilimia 17 tu. Dawa ya ukuta ule ilikuwa nje ya dirisha.

Niliacha pia kipimo cha kaboni dioksidi usiku kucha katika chumba cha kulala cha watu wawili, mlango ukiwa umefungwa. Asubuhi kilionyesha sehemu 2,800 kwa milioni. Mwaka 1858 Max von Pettenkofer, aliyekuwa akifanya utafiti wa afya mjini München, alipendekeza sehemu 1,000 kwa milioni kuwa kipimo cha hewa inayofaa kukaliwa, na kipimo hicho bado kinatumika sana hadi leo. Ili wawili waliolala wabaki karibu na hapo, chumba kinahitaji kama mita za ujazo 45 za hewa safi kwa saa. Kile hakikuwa kikipata hata robo yake.

Kwa upande mwingine, hewa ina gharama. Kila mita ya ujazo inayoingia huhitaji wati-saa 0.34 kwa kila nyuzi moja ya kuipandisha. Fleti moja ya jengo hili ina mita za ujazo 170. Tukibadilisha nusu ya hewa yake kila saa, nje kukiwa na nyuzi 5 chini ya sifuri, tunahitaji wati 720 hivi, na kwa fleti zote 45 ni zaidi ya kilowati 32. Ndiyo maana nilikataa joto na hewa vishughulikiwe na mafundi wawili wasiozungumza, kama kamati ilivyokuwa imependekeza.

Njia mbili zilikuwa mezani. Ya kwanza ni kuweka mfumo unaoingiza na kutoa hewa kwa feni, huku hewa inayotoka ikiipasha moto inayoingia; mfumo mzuri hurudisha robo tatu ya joto au zaidi. Kwa karatasi hakuna kinachoushinda. Lakini unadai mabomba mapana chini ya dari katika kila chumba, vizuizi vya moto kila bomba linapovuka ukuta wa fleti, na vichujio vya kubadilishwa mara kwa mara ndani ya nyumba za watu. Dari hizi ni fupi, na wakazi wasingeweza kuhama. Njia ya pili ni kuzitumia dohani zilizopo: feni moja juu ya paa kwa kila kundi la dohani, feni inayojipunguza yenyewe kulingana na mvuto unaotakiwa, nyavu za bafuni na jikoni zinazojifungua zaidi unyevu unapopanda, na vitundu vya kuingizia hewa juu ya madirisha ya vyumba vya kulala na sebule. Njia hii hairudishi joto la hewa moja kwa moja, ingawa baadaye hewa ya feni inaweza kupitishwa kwenye pampu ya joto ya kupashia maji ya kuogea. Tulichagua hii ya pili, na bado naamini ilikuwa sahihi kwa jengo linalokaliwa.

Jambo lililonikosesha usingizi lilikuwa jingine. Fleti 11 zilikuwa na hita za gesi za maji ya kuogea bafuni, zile zinazochukua hewa ya kuunguzia kutoka chumbani humohumo na kutoa moshi kwa dohani isiyo na feni. Moshi wa hita kama hiyo hupandishwa na wepesi wake tu, na mvuto mdogo sana, wa paskali chache tu, kutoka feni ya paa unatosha kuurudisha chumbani. Katika moshi huo mna kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu usingizini. Na hatari hii ilikuwapo hata kabla ya feni, tangu madirisha yalipozibwa. Niliandika kwamba hakuna feni itakayowashwa kabla hita ya mwisho haijaondolewa, na kwamba wakati wa kusubiri kila fleti kati ya hizo iwekewe king'ora cha kaboni monoksidi na kitundu cha hewa kisichozibika. Wamiliki watatu walikataa kwa sababu hita zao zilikuwa mpya. Kazi ilisimama wiki sita. Sikuona namna ya kulegeza, na sioni mpaka leo; yeyote anayeweka feni ya kuvuta hewa katika jengo kongwe bila kuhesabu kwanza kila moto unaowaka ndani yake anahatarisha maisha ya watu.

Baada ya hapo kazi ilikwenda kwa mpangilio. Dohani zilipitishwa kamera. Mbili zilikuwa zimebomoka ndani na kuunganisha fleti za majirani, zikapakwa upya. Bomba moja la saruji lilishukiwa kuwa na asbesto, madini ambayo vumbi lake hudhuru mapafu, likapimwa kabla ya kukatwa. Sakafu ya darini na dari ya chumba cha chini ya ardhi zikafunikwa kwa nyenzo za kuhami. Kuta za nje zilibaki kama zilivyo kwa sababu fedha hazikutosha, jambo ambalo linanisikitisha, kwani pembe zile bado ni baridi.

Ndipo tukarudi kwenye maji. Upotevu wa joto ulihesabiwa chumba kwa chumba. Jumla, ambayo zamani ilikuwa kilowati 280, sasa ilikuwa 170. Kila bomba la kupandia likawekewa valvu ya kusawazisha, na kila radieta valvu yenye themostati, yaani inayojifunga yenyewe chumba kikipata joto la kutosha, iliyopangiwa kiasi chake cha maji. Maji yalishushwa hadi nyuzi 60 ya kutoka na 45 ya kurudi kwa siku ya baridi kali. Kwa joto hilo radieta ya zamani hutoa asilimia 57 tu ya ilichokuwa ikitoa kwa nyuzi 80 na 60, lakini mahitaji nayo yameshuka karibu kiasi hichohicho, na radieta za zamani mara nyingi ziliwekwa kubwa kupita lazima. Vyumba saba tu vya pembeni, ghorofa ya juu, ndivyo vilivyohitaji radieta kubwa zaidi. Kwa kuwa tofauti ya joto kati ya maji yanayotoka na yanayorudi iliongezeka kutoka nyuzi 9 hadi 15, maji ya kuzungusha yalipungua hadi asilimia 60 kwa joto lilelile, na kazi ya pampu hufuata mchemraba wa mtiririko (0.6 mara 0.6 mara 0.6), yaani ilishuka hadi karibu moja ya tano. Ile pampu kubwa ikaondolewa. Maji ya bombani ya kuogea hayakushushwa: tangi limebaki nyuzi 60 na maji ya mzunguko hayarudi chini ya 55, kwa ajili ya kuzuia bakteria wa lejionela, wanaoleta nimonia na wanaostawi katika maji ya vuguvugu.

Baridi ya kwanza haikuwa ya shangwe. Wakazi wa ngazi ya kwanza waliokuwa wamezoea nyuzi 25 sasa walipata 21, wakashika radieta kwa mkono, wakaikuta vuguvugu tu, na wakaamini wameibiwa joto. Walilipa kwa mita za mraba, kama ngazi ya tatu, na malalamiko yao hayakuwa ya kijinga: kwa miaka mingi radieta isiyounguza mkono ilimaanisha radieta mbovu. Tuligawa vipimajoto vya ukutani kwa kila fleti, tukawaomba waangalie chumba badala ya kushika chuma. Hilo lilisaidia kuliko mikutano yote.

Vitundu vya hewa navyo vilizibwa. Katika ziara ya Januari nilikuta mkanda wa gundi kwenye vitundu vya fleti 9. Mzee mmoja alinionyesha kiti chake, nikakaa, na nikaihisi hewa baridi ikinishukia shingoni. Kitundu chake kiliwekwa mbali na radieta, kinyume na mchoro, na hewa ilianguka kabla haijachanganyika na joto linalopanda. Tulivihamisha vitundu hivyo vikae juu ya radieta, karibu na dari, vikielekeza hewa juu. Mkanda uliondolewa na wakazi wenyewe, isipokuwa fleti moja.

Baridi ya pili maji yalirudi boilani yakiwa nyuzi 43 siku nyingi za msimu. Vyumba vya ngazi ya tatu vilikaa kati ya nyuzi 20 na 21. Kipimo cha kaboni dioksidi katika kile chumba cha kulala kilibaki chini ya sehemu 1,100. Kuvu haikurudi katika fleti zilizosafishwa, ila moja ambako kabati kubwa limesimama likigusa pembe ya nje, na nyuma yake hewa ya chumba haifiki. Tumeshauri lisogezwe kwa upana wa kiganja.

Boila ilinunuliwa mwishowe. Badala ya moja ya kilowati 400, jengo lina mbili ndogo za kilowati 90 kila moja, zinazosaidiana, na kwa sehemu kubwa ya msimu moja inatosha. Kuta zikija kuhamiwa, moja itaweza kuondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na pampu ya joto, kwa sababu maji ya nyuzi 60 na chini yake ni maji ambayo pampu hiyo inayamudu. Ndani ya mlango wa chumba cha boila imebandikwa karatasi yenye namba ya kila valvu ya kusawazisha, mahali ilipofungwa na tarehe, na mtunzaji wa jengo ana nakala yake daftarini. Fundi akifika na spana baada ya lalamiko la kwanza, asome hapo kabla ya kuzungusha kitu.